Mgonjwa Hupotea Kati ya Dirisha na Dirisha

Ukikaa barazani katika miji yetu ya Pwani, kuanzia Vanga hadi Kiunga, habari za hospitali hazikosekani. Huyu mamake alilazwa akaambiwa bima haisomi. Yule aliandikiwa dawa tatu akapata moja. Mwengine alizunguka na mtoto usiku mzima kutoka hospitali moja hadi nyengine. Lawama nazo aghalabu humwangukia mtu wa kwanza tuliyekutana naye: sista wa zamu, karani wa dirishani, au daktari kijana aliyepelekwa kituoni juzi.

Lakini tukiyapanga malalamiko haya moja baada ya jengine, tutaona jambo. Mengi hayatokei wakati mgonjwa yuko mbele ya daktari. Hutokea pale anapotoka mkono mmoja kwenda mkono mwengine: kutoka nyumbani kwenda zahanati, kutoka zahanati kwenda hospitali kubwa, kutoka wodini kwenda kwa mhasibu, kutoka serikali ya kaunti kwenda serikali ya kitaifa. Hapo katikati hakuna anayesema huyu ni wangu. Makala haya yanafuata njia hiyo ya mgonjwa tangu usajili hadi kuruhusiwa, yakieleza anapokwama, kwa nini anakwama, na sheria ya Kenya inampa nini.

Nani ana jukumu gani

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata huduma ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana. Katiba hiyo hiyo iligawanya kazi. Tangu 2013, zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko chini ya serikali za kaunti, pamoja na wafanyakazi wake wengi. Serikali ya kitaifa ilibaki na sera na hospitali kuu za rufaa za kitaifa kama Kenyatta jijini Nairobi na ile ya Moi kule Eldoret. Shirika la KEMSA, linalonunua na kusambaza dawa, ni la kitaifa. Mamlaka ya Afya ya Jamii tunayoiita SHA, inayoshika pesa za bima, nayo ni ya kitaifa.

Kwa hivyo unapokosa dawa katika hospitali ya kaunti, kuna milango mitatu ya kusukumana. Hospitali itasema SHA haijalipa. SHA itasema hospitali haikuleta madai yake sawasawa. Kaunti itasema fedha kutoka Nairobi zimechelewa. Pengine wote watatu wanasema kweli, na wewe bado huna dawa. Kujua ni mlango upi unahusika na shida yako ndiko mwanzo wa kuitatua.

Vituo vyenyewe vimepangwa kwa ngazi sita. Ngazi ya kwanza ni huduma za nyumbani na mtaani, zinazofanywa na wahamasishaji wa afya ya jamii. Ya pili ni zahanati, ya tatu ni kituo cha afya. Ya nne ni hospitali za chini ya kaunti na nyengine za kiasi chake. Ya tano ni hospitali kubwa za rufaa, kama Hospitali Kuu ya Pwani hapa Mombasa. Ya sita ni zile za kitaifa. Ngazi hizi si mapambo ya ofisini. Ndizo zinazoamua mfuko gani unakulipia, na watu wengi hugundua hilo wakiwa tayari wamesimama kwenye foleni.

Bima: kujiandikisha si kulipa

Kwa miaka mingi tulikuwa na NHIF, iliyoanzishwa 1966. Oktoba 2023 Rais alitia saini sheria mpya za afya, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi yake. Katikati hapo Mahakama Kuu, Julai 2024, ilisema sheria hizo zinakwenda kinyume na katiba, kisha Mahakama ya Rufaa ikaruhusu mpango uendelee. Mwananchi wa kawaida hakujua ashike lipi, na mkanganyiko mwingi uliopo leo una asili yake hapo.

La kufahamu ni kwamba SHA ina mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi. Huu unalipia huduma za kutibiwa na kurudi nyumbani katika zahanati na vituo vya afya, ngazi ya pili na ya tatu, na sharti lake ni uwe umejiandikisha tu. Wa pili ni wa bima yenyewe, na huu unamtaka mtu awe amelipa mchango wake. Ndio unaolipia kulazwa, upasuaji na uzazi. Wa tatu ni wa dharura, magonjwa sugu na hali mahututi, unaosaidia pale fungu la mfuko wa pili linapokwisha.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mtu amebonyeza *147#, amepata ujumbe kwamba amesajiliwa, akaamini mambo yamekwisha. Siku mkewe anapopelekwa hospitali na uchungu, anaambiwa bima haijalipwa. Zamani chini ya mpango wa Linda Mama, mama alijifungua bila kutoa mchango wowote. Sasa uzazi unalipwa na mfuko wa pili: shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, kwa viwango vilivyotangazwa Machi 2025. Mama asiyelipiwa mchango anadaiwa bili. Kwa hiyo mimba ikijulikana, suala la bima lishughulikiwe mwezi huo huo, lisingoje mwezi wa tisa.

Mchango wa mwenye mshahara ni asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato. Aliyekuwa akipokea 100,000 na kukatwa 1,700 na NHIF, sasa anakatwa 2,750. Kwa asiye na mshahara, yaani mvuvi, mama wa mahamri, mtu wa bodaboda na fundi wa mlango, kiasi hutokana na maswali anayoulizwa kuhusu maisha yake: nyumba ni ya nini, maji yanatoka wapi, choo ni cha namna gani. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipwa kwa mwaka mzima pamoja, yaani 3,600 kwenda juu.

Maswali haya yana kasoro kwa watu wetu. Mjane anayekaa nyumba ya mawe ya urithi katika Mji wa Kale au Lamu, nyumba yenye warithi kumi na wawili, anaweza kuonekana tajiri kwa sababu ya kuta zake, ilhali chakula chake ni cha kuletewa. Mvuvi naye hapati kitu wakati bahari imechafuka kwa kusi, lakini mchango wa mwaka haujui msimu. Ukiona kiasi ulichopewa hakilingani na hali yako, usinyamaze. Omba kipimwe upya kupitia SHA, kwa mhamasishaji wa mtaa wako au kituo cha Huduma. Upo pia mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ulioanza 2025, wa kulipa kidogo kidogo kwa njia ya mkopo, na upo mpango wa serikali kuwalipia jamaa zisizojiweza. Uliza jina lako liko wapi.

Mambo mengine matatu ya kuangalia mapema. Kwanza, kadi inaenea kwa mume, mke na watoto. Wazazi wako hawamo, hata kama unawalisha. Mama mzee anahitaji usajili wake mwenyewe. Pili, mtoto huunganishwa kwa stakabadhi za kuzaliwa, na wengi wetu vyeti vya watoto havijachukuliwa. Tatu, usajili unasimama juu ya kitambulisho. Pwani hii kuna watu waliozunguka miaka kutafuta kitambulisho, na kuna jamii ya Wapemba ambayo haikutambuliwa rasmi kuwa raia hadi 2023. Kwa mtu kama huyo, shida ya hospitali huanzia ofisi ya usajili wa watu, miaka mingi kabla hajaumwa.

Dharura: kwanza roho, pesa baadaye

Oktoba 2015 Mkenya mmoja aliyegongwa na gari alifariki Nairobi baada ya kukaa ndani ya ambulansi saa 18, akipelekwa hospitali moja baada ya nyengine bila kupata kitanda cha wagonjwa mahututi. Nchi nzima ilishtuka. Katiba ilikuwa tayari imesema, kifungu cha 43(2), kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza uzito: hospitali iliyo na uwezo wa kutoa huduma ya dharura ikikataa, imetenda kosa la jinai. Hili linahusu hospitali za serikali na za watu binafsi pia.

Hata hivyo, mlangoni mambo huwa tofauti. Jamaa huulizwa amana kwanza, au huambiwa "hatuna kitanda, mpelekeni mbele." Sheria haisemi hospitali isidai pesa zake milele. Inasema imtulize mgonjwa kwanza, izuie hatari ya kufa au kilema, ndipo mambo mengine yafuate. Ikiwa hawana uwezo, wampe huduma ya mwanzo na wampangie pa kwenda. Ukijikuta hapo, sema kwa utulivu maneno haya: "Hii ni dharura, naomba atulizwe kwanza." Chukua jina la aliyekuhudumia na saa uliyofika. Kupayuka hakusaidii, na mara nyingi humfanya mlinzi kuwa ndiye daktari.

Rufaa: safari ya baharini na barabarani

Rufaa ni mahali ambapo roho nyingi za Pwani hupotea, kwa sababu ya umbile la nchi yetu. Mgonjwa wa Faza au Kizingitini huvuka bahari kabla hajafika hospitali ya King Fahd iliyoko kisiwani Lamu. Akihitaji huduma ya juu zaidi, anavuka tena hadi Mokowe, kisha mbele yake kuna zaidi ya kilomita 300 za barabara hadi Mombasa. Upande wa Tana River, mto ukifurika barabara hukatika na vijiji hubaki visiwa. Mkaazi wa Kwale anayetoka Msambweni kwenda Hospitali Kuu ya Pwani alizoea kuhesabu foleni ya feri ya Likoni kama sehemu ya ugonjwa, ijapokuwa sasa ipo barabara ya Dongo Kundu.

Shida ya rufaa si umbali peke yake. Shida ni kwamba mgonjwa hufika bila habari zake. Ametolewa damu kule, amepigwa picha kule, amepewa sindano kule, lakini akifika huku hakuna karatasi inayoonyesha. Huanza upya: foleni upya, vipimo upya, pesa upya. Daktari anayempokea hajui ni dawa gani tayari imo mwilini.

Kabla ya kuondoka, jamaa waombe mambo manne. Barua ya rufaa iliyoandikwa sababu ya kuhamishwa. Nakala za vipimo na picha. Orodha ya dawa alizopewa na saa alizopewa. Na kubwa zaidi, waulize: je, mmepiga simu kule tunakokwenda, na nani amekubali kumpokea? Swali hili la mwisho ndilo linaloepusha saa 18 za ambulansi. Ukikosa wakati wa kutoa nakala, piga picha karatasi zote kwa simu yako.

Kosa jengine hutoka kwetu sisi. Wengi tunaruka zahanati ya mtaani na kwenda moja kwa moja hospitali kubwa kwa homa na kikohozi, kwa imani kwamba huko ndiko kuliko na madaktari. Matokeo ni foleni inayoanza alfajiri, na huduma ambayo ingelipiwa na mfuko wa msingi kule zahanati inalipwa kutoka mfukoni mwako. Kweli, zahanati nyengine hazina dawa wala mtu. Lakini pale penye muuguzi na dawa, kuanzia chini ni rahisi, na barua ya rufaa ukiihitaji hutoka hapo hapo.

Dawa, vipimo na mashine

"Dawa hakuna, kanunue nje." Sentensi hii kila Mkenya anaijua. Sababu zake ni mnyororo: kaunti huagiza dawa KEMSA, deni la zamani likiwa halijalipwa mzigo huchelewa au huja nusu, na hospitali inayongoja malipo ya SHA haina akiba ya kununua kwengine. Mwaka 2025 hospitali nyingi za binafsi zilipunguza huduma za SHA kwa sababu ya madeni, na mgonjwa mwenye kadi iliyolipiwa akaambiwa atoe pesa taslimu.

Ukiandikiwa dawa ya kununua nje, mwombe daktari aandike jina la dawa yenyewe, si jina la kampuni. Dawa moja inaweza kuuzwa kwa majina kadhaa, na tofauti ya bei ikawa kubwa. Nunua kwa kemisti mwenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu iliyobandikwa ukutani. Usikubali kupewa nusu ya vidonge vya kuua vijidudu kwa sababu pesa zimepungua. Rudi kwa daktari umwambie kiasi ulicho nacho, huenda ipo dawa nyengine ya bei nafuu. Na weka risiti.

Kwa magonjwa ya muda mrefu, fungu la bima lina mwisho. Kwa viwango vya Machi 2025, kikao kimoja cha kusafisha damu kwa mgonjwa wa figo kinalipiwa shilingi 10,650. Saratani iliwekewa 400,000 kwa jamaa nzima kwa mwaka kutoka mfuko wa bima, na 150,000 kutoka ule wa magonjwa sugu. Viwango hivi hubadilishwa na serikali, basi thibitisha vilivyopo siku unapoanza tiba. Uliza pia: kwa matibabu haya yaliyopangwa, pesa zitakwisha mwezi wa ngapi? Jamaa inayojua mapema hupanga. Inayoambiwa ghafla katikati ya tiba hukatiza tiba.

Mashine nazo zina hadithi yake. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilikodisha mitambo ya hospitali kwa mkataba wa mabilioni ya shilingi, hospitali mbili kwa kila kaunti. Seneti ilipochunguza, ilikuta baadhi ya mitambo imekaa bila kazi kwa kukosa umeme, chumba au mtaalamu wa kuiendesha. Funzo ni kwamba mbunge au gavana akikata utepe mbele ya mashine, sisi tuulize maswali mawili: nani ataiendesha, na ikiharibika nani ataitengeneza?

Wafanyakazi ni nguzo hiyo hiyo. Mgomo wa madaktari uliomalizika Machi 2017 ulidumu siku 100. Wa 2024 ulidumu siku 56. Wauguzi waligoma miezi mitano mwaka 2017. Katika kila mgomo mwenye uwezo alikwenda hospitali ya kulipia, na maskini akabaki nyumbani. Si haki kumlaumu daktari ambaye hajalipwa, wala si haki mgonjwa awe ndiye anayelipa gharama ya mikataba kutotekelezwa.

Lugha, haya na siri

Mgonjwa anaulizwa kwa Kiingereza, anajibu kwa Kibajuni au Kigiriama, na katikati yuko mtoto wa darasa la saba anayefasiri. Mengine mama hawezi kuyasema mbele ya mwanawe. Anakaa kimya, na daktari anaandika kwamba hana tatizo jengine. Sheria ya Afya ya 2017 inasema mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu, faida, hatari na gharama, tena iwezekanavyo kwa lugha anayoifahamu. Anayo haki ya kukubali au kukataa baada ya kuelewa. Kutia kidole gumba kwenye fomu usiyosomewa si ridhaa.

Kina mama wengi wetu huchelewa kwenda kupimwa kwa haya ya kuonwa na mwanamume. Waweza kuomba uhudumiwe na mwanamke, au awepo sista ndani ya chumba. Ombi hilo ni la kawaida na lisemwe mapema wakati wa kujiandikisha, si mtu akiwa tayari kitandani. Lakini kama ni dharura na hakuna mwanamke, roho haisubiri zamu.

Kuna pia wanaomficha daktari mambo. Mwenye sukari anafunga Ramadhani na kubadilisha saa za sindano peke yake. Mwengine anakunywa dawa za mitishamba pamoja na za hospitali. Mweleze daktari wiki kadhaa kabla ya mfungo, akupangie au akushauri usifunge. Mgonjwa ana ruhusa katika dini, na hapana sababu ya kuona haya kuitumia. Habari zako ni siri kwa mujibu wa sheria. Anayetangaza hali yako koridoni amevunja sheria hiyo.

Bili, kuzuiliwa na maiti

Mtu amepona, daktari amemruhusu, lakini mlinzi hamruhusu. Bili haijalipwa. Septemba 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya kina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa kushindwa kulipa. Ilisema kuwazuilia ni kinyume cha sheria na ni kuwavunjia haki zao. Hospitali inaweza kudai deni lake kwa njia za kawaida za kudai deni. Mwili wa mtu si rehani.

Pamoja na hayo bado watu huzuiliwa, na kila siku inayopita bili ya kitanda huongezeka. Hatua ni hizi. Omba bili iliyochanganuliwa, kitu kwa kitu, uangalie kama SHA imekatwa. Nenda kwa afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye kazi yake ni kupima uwezo wa mgonjwa na kupendekeza msamaha au malipo ya awamu. Andika makubaliano, utie saini, uchukue nakala. Fanya haya siku ya pili ya kulazwa, usingoje siku ya kutoka.

Kwa Waislamu, jambo zito zaidi ni maiti. Tunaharakisha kuzika, na siku mbili za kuvutana na mhasibu ni machungu juu ya machungu. Mahakama za Kenya zimesema zaidi ya mara moja kwamba maiti si mali ya kushikiliwa kwa deni. Ili mambo yasikwame, zijulikane karatasi. Aliyefia hospitalini huandikiwa na hospitali fomu ya D1. Aliyefia nyumbani huandikiwa na naibu wa chifu fomu ya D2. Kutokana na hizo hupatikana kibali cha kuzika. Kifo cha ajali au cha kutiliwa shaka kinahusu polisi na huenda kikahitaji uchunguzi wa maiti. Hapo omba ufanyike haraka, ukieleza sababu ya dini. Shida nyengine huja wikendi, pale mwenye kutia saini hayupo. Kamati za mazishi zingefanya vyema kuwa na nambari za simu za maafisa wa zamu katika kila hospitali ya kaunti.

Kulalamika kwa maandishi

Barazani sote ni mashahidi, lakini kwenye faili la hospitali hakuna hata mstari mmoja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki vivyo hivyo. Sheria ya Afya inampa mgonjwa haki ya kuwasilisha malalamiko na yachunguzwe. Anza na msimamizi wa wodi, kisha mkuu wa hospitali. Likikwama, andikia idara ya afya ya kaunti, na nakala kwa kamati ya afya ya bunge la kaunti. Malalamiko ya bima yaende SHA kwa nambari 147. Kosa la kitaalamu la daktari au hospitali lipelekwe kwa Baraza la Madaktari, KMPDC, na la muuguzi kwa Baraza la Wauguzi. Uzembe wa ofisi ya umma hupokewa na Tume ya Haki ya Utawala.

Barua iwe fupi: jina la mgonjwa, tarehe, saa, wodi, nini kilitokea, nani alikuwepo, unataka nini kifanyike. Ambatisha nakala, kaa na asili. Ukihitaji rekodi za mgonjwa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kupata habari zake mwenyewe.

La kufanya pamoja

Mgonjwa aliye na maumivu hawezi kuyafanya haya yote, na mama anayelia mwanawe hakumbuki fomu. Ndiyo maana kila msikiti, kila kikundi cha kina mama na kila chama cha mtaa kinahitaji watu wawili wanaoijua njia hii: wanaojua nani amelipa SHA na nani hajalipa, wanaoweza kusoma barua ya rufaa, wanaojulikana na afisa wa ustawi wa jamii, na walio tayari kuamka saa nane za usiku. Tunachanga baada ya bili kufika laki tatu. Kwa pesa hizo hizo, kwa kiwango cha chini cha 3,600, tungewalipia mchango wa mwaka zaidi ya nyumba themanini.

Kazi ya kujaza dawa, kuajiri wauguzi na kulipa hospitali kwa wakati inabaki kuwa ya serikali, ya kaunti na ya kitaifa, na hatutaacha kuwadai. Lakini orodha ya wazee wa mtaa wako ambao hawajasajiliwa inaweza kuandikwa wiki hii, kabla hajaumwa mtu.